Odoshi si rangi ya deraya

Miongoni mwa wapakaji wa visanamu vya samurai, neno odoshi limekuwa jina la kila kitu chenye rangi. Kifua kikipakwa nyekundu, utaambiwa ni odoshi, kama yule ndugu anayeonyesha askari wake mwekundu na kusema amemaliza odoshi nyekundu. Bega likiwekwa dhahabu, odoshi. Wengine wanaliita hivyo vazi zima la vita, wakimaanisha deraya yenyewe. Kwa kuwa neno hili linazidi kusambaa na maana yake inazidi kupotea, tuliweke sawa.

Odoshi ni kazi ya kuunganisha safu za deraya ya Kijapani kwa vigwe, na pia ni vigwe vyenyewe vikishakaa mahali pake. Basi.

Deraya ya zamani ya Kijapani haikuwa bamba moja lililokunjwa kuzunguka mwili. Ilianza na vigamba vidogo viitwavyo kozane, vya chuma au vya ngozi ghafi iliyokaushwa hadi ikawa ngumu. Kila kigamba kilitobolewa matundu katika mistari miwili, kwa kawaida matundu 13 au 14. Vigamba vililazwa kimoja kikipanda juu ya kingine, vikafungwa pamoja kwa ukanda wa ngozi, ikatokea safu moja ndefu. Kisha safu nzima ilipakwa urushi, utomvu wa mti ambao, kinyume na unavyodhani, hugandia vizuri kwenye hewa yenye unyevu, na ukishaganda hung'aa na kuzuia maji. Baada ya hapo ndipo odoshi inapoingia. Safu hizo zinaning'inizwa moja chini ya nyingine kwa vigwe vya hariri iliyosukwa, au kwa kanda za ngozi ya kulungu, vinavyopenyezwa kwenye matundu kutoka safu hii hadi ile. Ni kama mkeka: kili zinaweza kuwa zimeshasukwa zote, lakini bila uzi wa kuziunga hakuna mkeka. Ila kwenye mkeka uzi unafichwa, na kwenye deraya hii uzi ndio unaoonekana kuliko kitu kingine chochote.

Kuna wanaosema odoshi maana yake ni "kutisha", kwamba rangi zile ziliwekwa ili adui aingiwe na hofu. Wanachokiona ni herufi inayotumika kuandika neno hilo, ambayo kweli ni ya kutisha au kutia woga. Lakini herufi hiyo iliazimwa kwa sababu ya sauti yake. Neno lenyewe limetoka kwenye o, yaani kigwe, na tōsu, kupitisha au kupenyeza. O-tōshi ikawa odoshi. Waandishi wakaona herufi ya kutisha inaendana na shughuli ya vita, wakaipenda, ikabaki. Fundi aliyekaa chini kupenyeza hariri kwenye matundu elfu na zaidi alikuwa anashona.

Huku kushona ndiko kulikoipa deraya jina lake rasmi, na hapa ndipo wapakaji wengi wanapojikwaa. Katika hekalu la Musashi Mitake, lililo milimani Ome, upande wa magharibi wa Tokyo, kuna deraya ambayo ni hazina ya taifa la Japani. Mapokeo yanasema iliwekwa wakfu na samurai Hatakeyama Shigetada mwaka 1191. Inaitwa aka-ito odoshi no ōyoroi: ōyoroi, yaani deraya kubwa ya mpiga mishale wa farasini, iliyounganishwa kwa nyuzi nyekundu. Jina linataja wekundu wa nyuzi. Vigamba vyenyewe ni vyeusi. Ukisoma jina hilo kwa haraka ukaenda kupaka kisanamu chako nyekundu kuanzia kifuani hadi mapajani, utakuwa umepaka deraya isiyokuwepo.

Deraya hiyo ina somo jingine kwa mtu wa rangi. Nyuzi zake za asili zilitiwa rangi kwa mizizi ya mmea uitwao akane. Mwaka 1903 ilifanyiwa matengenezo, na sehemu zilizokuwa zimechakaa zikawekewa nyuzi mpya zilizotiwa rangi ya kemikali. Leo zile za mwaka 1903 zimepauka zikawa waridi, na zile za mizizi, zenye karne nyingi, bado ni nyekundu iliyokolea. Kwa hiyo anayechanganya nyekundu na nyeupe kwa wingi ili hariri "ionekane ya kale" anaiga uchakavu wa rangi ya kiwandani.

Sasa chukua mfano wa upande wa pili: wanajeshi wekundu wa jemadari Ii Naomasa. Ukoo wa kivita wa Takeda ulipoanguka mwaka 1582, Tokugawa Ieyasu, bwana wa Naomasa, aliwaweka mashujaa wengi wa Takeda chini ya Naomasa, naye akawavalisha nyekundu kama baadhi ya vikosi vya Takeda vilivyokuwa vikivaa kabla yake. Ndio waliopigana katika vita vya Sekigahara mwaka 1600, na ndio wanaouzwa kwenye maboksi mengi ya visanamu. Wekundu wao ulikuwa kwenye urushi, iliyochanganywa na unga mwekundu ikapakwa juu ya bamba lenyewe. Ukimwona askari wa Ii kifua chekundu kinachong'aa, hujaiona odoshi yake bado. Shigetada na Naomasa wote tunawaita wekundu, lakini mmoja ni mwekundu wa uzi na mwingine ni mwekundu wa bamba, na kati yao kuna karibu miaka 400.

Katika miaka hiyo odoshi nayo ilibadilika, na hili ndilo linaloniudhi zaidi nikitazama picha za kazi za watu. Odoshi ya zamani ni kebiki: vigwe vimebanana bega kwa bega, safu nzima imefunikwa, na kinachobaki kuonekana cha vigamba ni ukingo mwembamba mweusi juu ya kila safu. Ni nzuri sana, na ni mzigo. Mwaka 1800 msomi wa deraya Sakakibara Kozan aliorodhesha ubaya wake bila kuona haya: ikilowa inakuwa nzito na haikauki upesi, wakati wa baridi inaganda barafu, matope yakiingia hayatoki hata uoshe vipi, safari ikiwa ndefu inanuka na kujaa chawa na sisimizi, na ncha ya mkuki hunasa kwenye nyuzi badala ya kuteleza.

Vita vya karne ya 16 havikuwa na muda na usumbufu huo. Majeshi yalikuwa makubwa, bunduki zilikuwa zimeingia kupitia kisiwa cha Tanegashima mwaka 1543, na watu walihitaji deraya ya kutengenezwa haraka. Mabamba mazima yakachukua nafasi ya vigamba vingi, na odoshi ikawa sugake: vigwe viwiliviwili, kisha nafasi tupu, kisha viwili tena. Sehemu kubwa ya bamba ikabaki wazi, urushi yake ikionekana. Deraya za namna hii huitwa tōsei gusoku, na samurai wengi unaowakuta kwenye maboksi ya visanamu vya kimo cha milimita 28 wamevaa hizo. Halafu mtu anachukua kisanamu chenye vigwe viwiliviwili vilivyochongwa waziwazi, anajaza safu yote kwa rangi ya zambarau, anaandika chini yake "odoshi". Mchongaji alikuonyesha, ndugu yangu. Alikuachia hadi nafasi.

Kwa mwenye brashi mkononi, kazi inafuata mpangilio wa fundi mwenyewe. Bamba kwanza, kigwe baadaye. Paka safu zote rangi ya urushi, iwe nyeusi, kahawia ya kutu au nyekundu, na uzipe mng'ao. Kama ni kebiki, weka juu yake rangi ya kigwe iliyo nzito na yenye giza, uache ule ukingo mweusi, kisha shuka na mistari mifupi ya wima ya rangi angavu zaidi. Usitumie brashi kavu kukatiza kwa mlalo. Vigwe vinakwenda juu na chini, na brashi ikipita mlalo inavifuta vyote vikawa tuta moja. Kama ni sugake, mistari miwili mifupi kwa kila jozi inatosha, na mkono ukitetemeka rudisha nyeusi katikati. Hariri ising'ae kama urushi: vanishi ya kung'aa kwenye bamba, isiyong'aa kwenye kigwe, na hata mtu aliye mbali atajua kuwa ni vitu viwili.

Kwenye safu ya chini kabisa ya mapaja na mabega utakuta alama za msalaba, X, zimejipanga. Hizo ni hishinui, mara nyingi nyekundu hata pale ambapo vigwe vingine ni vya buluu au vyeupe. Kingo za pembeni nazo zina kigwe chake, mimi-ito, ambacho mara nyingi husukwa kwa rangi kadhaa pamoja. Kwenye milimita 28 vidoti vya rangi mbili vinatosha. Na ukitaka kujipima, kuna susogo, ambapo rangi huanza nyepesi juu na kukolea kadiri inavyoshuka, na nioi, inayofanya kinyume chake. Zote mbili ni habari za nyuzi: kila safu ina kigwe cha rangi yake. Kuchanganya rangi ikiwa mbichi ili ififie taratibu kutoka safu moja hadi nyingine kunapendeza machoni, lakini hariri haifanyi hivyo. Hatua kwa hatua, safu kwa safu.

Kwa hiyo ndugu unayeonyesha askari wako wa Ii na kusema umemaliza odoshi nyekundu, kazi ni safi, wala usiifute. Ulichomaliza ni urushi. Odoshi iko chini ya kiuno, kwenye zile jozi za vigwe zinazoshikilia mabamba ya mapaja, na kwa sasa bado ina praima tu, ile rangi ya kwanza ya msingi.