Je, maziwa huosha vumbi kifuani?

Msaga nafaka, mpakia saruji, mponda kokoto: wote wamewahi kuambiwa wanywe maziwa wakitoka kazini, eti "yanashusha vumbi". Wapo waajiri wanaotoa pakiti ya maziwa na kuona wamemaliza, na wapo wafanyakazi wanaoidai kuliko wanavyodai barakoa.

Tatizo ni njia. Maziwa hupita kwenye umio kwenda tumboni, vumbi hupita kwenye koromeo kwenda mapafuni. Tone moja la maziwa likikosea njia, unapaliwa mpaka machozi yakutoke. Hakuna namna yakaoshe mapafu.

Lakini imani hii ina ukweli kidogo, nao unachekesha. Mirija ya hewa imepakwa ute, na vinyweleo vidogo mno huusukuma juu usiku na mchana, kama vibarua wanaopandisha zege ghorofani kwa kupokezana karai. Ute wenye vumbi ukifika kooni, mara nyingi tunaumeza bila kujua. Kwa hiyo vumbi linalokutana na maziwa tumboni ni lile ambalo mapafu yameshalitoa yenyewe.

Kinachoua ni lililobaki. Unywele una unene wa mikromita 70 hivi; chembe za mikromita 4 kushuka chini, ambazo jicho halizioni, hufika kwenye vifuko vya hewa, ambako vibarua wetu hawapo. Huko zipo seli za kinga zinazomeza uchafu. Zikimeza silika, madini yaliyojaa kwenye mawe ya granaiti kama yale ya Dodoma, hufa na kuitema ilivyo. Seli nyingine huimeza, nayo hufa. Makovu yanajengeka. Huo ndio ugonjwa wa silikosisi: makovu hayaondoki, na kifua kikuu humpata mgonjwa kwa urahisi zaidi. Vumbi la unga halifanyi hivyo. Lenyewe huchokoza pumu.

Dawa ni vumbi lisiruke. Mawe yanyunyiziwe maji yanapopondwa, sakafu isifagiliwe kavu. Unga haulowanishwi, hivyo mashine ifunikwe na feni ya kufyonza iwekwe pale pale vumbi linapotokea. Barakoa huja mwisho, tena yenye chujio na inayobana uso. Khanga huzuia vumbi kubwa tu, na ndevu huacha upenyo pembeni. Nchini Tanzania, chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, wajibu wa kumkinga mfanyakazi ni wa mwajiri.