Je, wajua kwa nini mpira wa rejeta, yaani bomba la mpira linalopitisha maji ya kupozea kati ya injini na rejeta, huoza kuanzia ndani?

Chukua pikipiki kuukuu ya magurudumu manne yenye injini ya kupozwa kwa maji. Ikishapoa kabisa, ubonyeze mpira wa juu wa rejeta katikati, kisha ubonyeze tena karibu na klipu, vidole viwili hivi kutoka ulipofungwa. Ukiona katikati ni mgumu lakini mwishoni vidole vinazama, ubadilishe, hata kama kwa nje unang'aa na hauna ufa.

Wengi husingizia jua na joto. Vyote viwili huchangia, lakini kinachoula mpira huu kwa ndani ni umeme. Mpira wa rejeta kwa kawaida ni wa aina ya EPDM, mpira wa kutengenezwa kiwandani, uliochanganywa na masizi ya kaboni ili uwe imara, na kaboni hupitisha umeme. Kulanti, yaani maji ya kupozea injini yaliyotiwa dawa, nayo hupitisha. Ukiweka hapo na metali ya injini na ya rejeta, umepata betri ndogo. Mkondo wake ni hafifu sana, ila miaka inapopita huchimba nyufa nyembamba ndani ya mpira, hasa kwenye ncha zinazogusa metali. Wahandisi wa Gates, kampuni ya Marekani inayotengeneza mikanda na mipira ya injini, wameueleza uharibifu huu kwa kirefu. Nyufa zikifikia nyuzi zilizofumwa katikati ya mpira, kulanti huzifuata kama mafuta ya taa yanavyopanda utambi wa koroboi. Nyuzi zinalegea, na siku mashine inapopanda mlima kwa gia ndogo, mpira unapasuka.

Na usidharau tundu dogo kwa kuwa linatoa matone tu. Mfuniko wa rejeta umewekwa ili kutunza presha, na presha ndiyo inayozuia maji yasichemke mapema. Naivasha, karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, maji matupu yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzijoto 94 hivi za Selsiasi. Presha ikivujia kwenye tundu, kulanti huchemka wakati bado ipo tele, mvuke unajaa kwenye silinda hedi, yaani kichwa cha injini, na gasketi inayoziba chini yake inaungua. Mpira ni bei ndogo mno kulinganisha na kazi ya kufungua injini na kubadilisha gasketi.

Kuubadilisha hakuhitaji vifaa vingi. Kamwe usifungue mfuniko injini ikiwa ya moto. Kinga kulanti kwenye beseni na uiweke mbali na watoto na mbwa, maana glikoli ya ethilini ina utamu na ni sumu kali. Mpira ukigoma kutoka, usiuvute kwa nguvu. Uchane kwa wembe kwa urefu, kwa uangalifu usikwaruze mdomo wa rejeta, pale mpira unapovalishwa. Midomo hiyo ni myembamba, na nimeona mmoja ukivunjika kwa sababu ya bisibisi na haraka. Sugua ukoko mweupe ulioganda kwenye mdomo mpaka uishe, lowesha mpira mpya kwa kulanti kidogo, usukume upite kile kituta cha mdomoni, ndipo ukaze klipu nyuma yake. Usipake oili wala grisi: EPDM huvimba na kulainika ikigusa mafuta ya petroli. Na kama wa zamani ulikuwa na kona, tafuta wenye kona ileile. Mpira ulionyooka ukilazimishwa kupinda hukunjika na kuziba njia.

Jaza kulanti nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa (distilled). Inua magurudumu ya mbele, mfuniko ukiwa wazi tangu injini ikiwa ya baridi, washa, na uubonyeze mpira polepole mpaka mapovu yaishe. Baada ya safari ya kwanza, ikishapoa, kaza klipu tena na utazame kimo cha kulanti.

Kabla hujautupa ule wa zamani, upasue hadi mwisho na uupinde ili upande wa ndani utokeze nje. Utaziona nyufa zenyewe, nyembamba kama nywele, zimelala sambamba kuanzia kwenye klipu.