Miezi mitatu ya kwanza ya mtoto katika timu ya kuogelea: maelezo kwa familia mpya za Lubumbashi

Kila mwezi wa tisa, masomo yanapoanza, familia mpya huja bwawani kuwaandikisha watoto wao katika timu yetu ya vijana, na karibu kila mzazi huniuliza swali lilelile: mtoto wangu atashindana lini? Nimekuwa nikifundisha kuogelea hapa Lubumbashi kwa miaka mingi, na jibu langu halijabadilika: miezi mitatu ya kwanza ni ya kujifunza kupumua. Ninalieleza jambo hili kwa urefu kwa sababu nimewaona watoto wenye uwezo mkubwa wakiondolewa kabla ya Noeli na wazazi waliodhani kwamba hakuna wanachofundishwa, wakati ambapo msingi ndio kwanza ulikuwa unawekwa.

Mama au baba atakayekaa kwenye benchi wiki ya kwanza atamwona mwanawe ameshika ukingo wa bwawa kwa mikono miwili, anaingiza uso majini, anapuliza mapovu kwa pua na mdomo, anainua uso, anavuta hewa, kisha anarudia tena na tena. Kwa mtazamaji, zoezi hili linachosha. Ukweli ni kwamba mtoto huyo anajifunza jambo gumu kuliko yote katika mchezo huu. Hamu ya kuvuta pumzi husababishwa hasa na hewa ukaa inapojaa mwilini, na mtoto anayeifunga pumzi kila anapoingiza uso huibakiza hewa hiyo ndani, kisha anapoinuka hulazimika kutoa na kuvuta kwa wakati mmoja, jambo ambalo nafasi yake fupi haimruhusu. Ndiyo sababu mtoto mwenye nguvu za kutosha kucheza mpira mchana kutwa huishiwa pumzi baada ya mita 10 tu za kuogelea. Akizoea kuitoa hewa yote polepole uso ukiwa majini, shingo hulegea, miguu huinuka, na mwili hulala sawa juu ya maji. Mikono huja baadaye, na huja kwa urahisi.

Baada ya pumzi hufuata kuelea, kupiga miguu, kisha kuogelea chali pamoja na mtindo huru. Mimi hupenda kuanza na chali kwa kuwa uso uko nje na mtoto hana wasiwasi wa hewa. Watoto wanapouliza kama Mwafrika anaweza kufika mbali kwa mtindo huo, huwatajia Kirsty Coventry wa Zimbabwe, nchi inayotenganishwa na yetu na Zambia tu, aliyeshinda dhahabu ya mita 200 chali katika Olimpiki ya mwaka 2004 na tena ile ya mwaka 2008. Mtindo wa chura na ule wa kipepeo tunauacha usubiri, hata pale mzazi anapotusihi tuharakishe.

Kuna mchezo mmoja ambao nawaomba wazazi waukataze kabisa, nyumbani na popote penye maji, nao ni kushindana nani atakaa chini ya maji kwa muda mrefu zaidi. Mtoto anayepumua haraka haraka kabla ya kuzama huipunguza hewa ukaa mwilini mwake, na ile hamu ya kuvuta pumzi huchelewa kuja. Oksijeni inaweza kupungua mno kabla hajahisi dalili yoyote, akazimia chini ya maji bila kupiga kelele. Waogeleaji hodari ndio huingia zaidi katika hatari hii, kwa kuwa wanajiamini.

Siku ya kuandikisha tunawapa wazazi karatasi yenye maswali ya afya, na naomba ijazwe kwa uaminifu, kwa sababu hatuitumii kumfukuza mtoto yeyote. Tunataka kujua kama ana pumu, ili dawa yake ya kuvuta iwe kando ya bwawa na si ndani ya gari. Tunataka kujua kama ana kifafa, kwa sababu mtoto huyo huogelea akiwa na mtu mzima anayemwangalia yeye peke yake. Zaidi ya yote, tunataka kujua kama ana ugonjwa wa damu wa kurithi uitwao selimundu, ambao wengi wetu hapa mjini tunauita SS. Baadhi ya familia huuficha kwa aibu au kwa kuogopa kukataliwa. Maji baridi ni miongoni mwa mambo yanayoweza kuanzisha maumivu makali kwa mgonjwa wa SS, na vilevile uchovu na upungufu wa maji mwilini. Mtoto kama huyo huanza tu baada ya daktari wake kukubali, huogelea siku za joto, hutoka mapema kuliko wenzake, hukaushwa mara moja na kunyweshwa maji ya kutosha. Nikijua, nitamlinda. Nisipojua, nitamhimiza amalizie mizunguko miwili kama wengine, na hapo ndipo ninapoweza kumdhuru.

Jambo jingine ni mpaka wa wajibu. Mazoezi yanapoanza, makocha wako ukingoni na macho yao yako majini; kabla ya hapo na baada ya hapo, mtoto yuko mikononi mwa aliyemleta. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na watoto wadogo ni sehemu kubwa yao. Mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele wala hapungi mkono, kwa kuwa nguvu zake zote zimo katika kutafuta hewa, na yote yanaweza kumalizika wakati mzazi anasoma ujumbe kwenye simu. Wala mtoto aliyeweza mita 25 bwawani asidhaniwe kuwa ameweza mto Lubumbashi au Kafubu wakati wa masika, ambako maji hukimbia, yana tope, na hayana ukingo wa kushika. Mvua zinapoanza, tunafuata pia kanuni ya radi: ngurumo ikisikika, kila mtu anatoka, na hatuingii tena mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Wazazi waliolipa nauli kutoka Ruashi au Katuba hukasirika mazoezi yanapokatizwa hivyo. Nawaelewa, lakini kanuni hii hatutailegeza.

Vifaa si vingi. Nguo ya kuogelea iliyobana mwili inatosha, mradi isiwe ya pamba, kwa maana pamba hunywa maji na kumvuta mtoto chini. Miwani ijaribiwe bila kamba: ibandikwe machoni, ikishika yenyewe kwa muda kidogo, basi inamfaa. Pamoja na hivyo anahitaji taulo, ndala, chupa ya maji na kofia.

Kofia inahitaji maneno zaidi, kwa sababu nywele zimewaondoa wasichana wengi katika timu kuliko uoga wa maji. Kofia ya kawaida haikutengenezwa kwa kichwa chenye meshi ndefu (nywele za bandia za kusukia) au nywele nyingi za asili, na mama aliyetumia siku nzima na fedha nyingi kumsuka binti yake hawezi kufurahi kuona klorini ikiiharibu kazi hiyo. Mwaka 2021 shirikisho la kimataifa la kuogelea lilikataa kofia pana za Soul Cap, zilizotengenezwa kwa ajili ya nywele kama zetu, kisha mwezi wa tisa mwaka 2022 likaziidhinisha. Uamuzi ule wa pili ulinifurahisha sana, hata kama kofia hizo hapa kwetu si rahisi kuzipata. Wakati tukizisubiri, ushauri wangu ni huu: nywele zisukwe kwa mistari inayolala kichwani, ziloweshwe kwa maji safi ya bomba kabla ya kuvaa kofia ili zisinywe maji mengi ya bwawa, zipakwe mafuta kidogo, na zisafishwe mara tu mtoto anapotoka. Kuoga kabla ya kuingia kunasaidia pia macho ya wote, kwani ile harufu kali tunayoilaumu klorini hutokea hasa inapochanganyika na jasho na mkojo.

Kuhusu chakula, bukari (ugali) iliwe si chini ya saa mbili kabla ya mazoezi. Ndizi moja au kipande cha mkate hakina shida. Baada ya mazoezi mtoto ale vizuri.

Kisha huja kiangazi. Mji wetu uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,200, na usiku wa mwezi wa sita na wa saba huyapoza maji ya bwawa lililo wazi kiasi cha kushuka chini ya nyuzi 25, ambazo ndizo kiwango cha chini cha joto la maji katika mashindano ya kimataifa. Maji hunyonya joto la mwili kwa kasi zaidi ya mara 20 kuliko hewa, na mtoto mwembamba ndiye wa kwanza kutetemeka. Katika miezi hiyo tunafupisha mazoezi na kuyasogeza mchana, na midomo ikibadilika rangi mtoto anatoka bila mjadala. Tafadhali msimtoe katika timu kwa sababu ya baridi. Mleteni na sweta, kofia ya sufu na chai ya moto, naye akifanya mazoezi ya viungo nchi kavu hatapoteza alichojifunza.

Shindano la kwanza huwa la mita 25, na tunawaomba wazazi watusaidie kushika saa za michezo, kwa kuwa kila mstari unahitaji mtu makini. Sheria huumiza wengi siku hiyo. Katika mtindo wa chura na wa kipepeo, ukuta unaguswa kwa mikono miwili kwa pamoja, na mkono mmoja ukitangulia, mtoto huondolewa hata kama alikuwa wa kwanza. Anayeruka kabla ya ishara huondolewa pia. Katika Olimpiki ya Sydney mwaka 2000 waogeleaji wawili waliondolewa hivyo, na Éric Moussambani wa Guinea ya Ikweta, aliyejifunza katika bwawa la hoteli na hakuwa amewahi kuogelea katika bwawa la mita 50, akabaki peke yake majini akamaliza mita 100 kwa dakika 1 na sekunde 52.72. Mtoto wenu akiondolewa, mpeni taulo na chakula, na marekebisho mtuachie sisi makocha. Tutampeleka kwenye ukuta katika mazoezi yanayofuata, na ataugusa kwa mikono miwili mara nyingi hadi izoee.