Je, wajua? Kwa nini wasakaji wa sayari ndogo huzikimbilia nyota hafifu

Tarehe 6 Juni 2012, jua lilichomoza baharini mbele ya Malindi likiwa na doa jeusi la mviringo usoni. Doa lile lilikuwa Zuhura, iliyokuwa ikipita baina yetu na jua, na lilibaki pale mpaka kama saa mbili kasoro dakika kumi asubuhi. Muda wote huo mwanga wa jua ulikuwa umepungua kwa takriban sehemu 1 katika 1,000, kiasi ambacho jicho halina uwezo wa kukihisi. Sayari kupita hivyo mbele ya nyota yake huitwa mpito. Zuhura haitarudia tena mpaka Desemba 2117, lakini Utaridi itapita tarehe 13 Novemba 2032 na pwani yetu itakuwa upande wa mchana.

Sayari nyingi zinazojulikana nje ya mfumo wa jua letu zimegunduliwa kwa njia hiyohiyo, kwa tofauti moja kubwa: huko hakuna doa linaloonekana. Nyota ziko mbali mno. Hata kwa darubini kubwa, nyota hubaki kuwa nukta tu, na kinachopimwa ni jumla ya mwanga wake, dakika baada ya dakika. Mwanga ukishuka kidogo, ukakaa chini saa moja au zaidi, kisha ukapanda tena, na jambo hilo likajirudia kwa vipindi vilivyo sawa, basi huenda kuna kitu kinachoizunguka nyota hiyo.

Mwanga hushuka kwa kiasi gani? Hesabu yake ni fupi. Gawanya kipenyo cha sayari kwa kipenyo cha nyota, kisha jibu lizidishe kwa lenyewe. Mshtarii ni kama sehemu ya kumi ya kipenyo cha jua, kwa hiyo ikipita hukata asilimia 1 ya mwanga. Dunia ni sehemu 1 katika 109, kwa hiyo hukata sehemu 1 katika 11,900, yaani 84 katika milioni. Kipimo kidogo kama hicho hakipatikani ukiwa chini ya hewa hii tunayoivuta.

Sasa badilisha nyota, sayari iache ilivyo. Chukua nyota kibete nyekundu yenye kipenyo cha sehemu ya tano ya jua. Dunia ileile ikipita mbele yake itakata takriban sehemu 1 katika 475, kina kilichoongezeka mara 25 bila sayari kuongezeka hata chembe. Nondo akipita mbele ya taa za uwanja wa mpira, nani atajua? Akipita mbele ya karabai ya mvuvi, kivuli chake kinaonekana. Hii ndiyo sababu kubwa ya wanafalaki kuziacha nyota zinazong'aa na kwenda kuzikodolea zile ambazo macho matupu hayazioni kabisa. Nazo ni tele: katika ujirani wetu, kama robo tatu ya nyota zote ni vibete vyekundu.

Mradi wa MEarth ulijengwa juu ya hesabu hiyo. Darubini 8 za sentimita 40 kila moja, kwenye Mlima Hopkins huko Arizona, Marekani, zilielekezwa kwa vibete vyekundu vya karibu tu. Mwaka 2009 zikaipata GJ 1214 b, umbali wa miaka ya nuru 48 hivi, sayari yenye kipenyo cha kama mara 2.7 ya Dunia. Huzunguka nyota yake kwa saa 38, na kila ikipita hukata zaidi ya asilimia 1 ya mwanga. Nyota ya TRAPPIST-1, miaka ya nuru 40 kutoka hapa, ni ndogo zaidi: imezidi Mshtarii kidogo tu kwa kipenyo. Inazungukwa na sayari 7, na zilizo sawa na Dunia kwa ukubwa hukata kama asilimia 0.7. Darubini iliyoanza kuziona, kule La Silla nchini Chile, ina kioo cha sentimita 60 tu.

Kuna faida nyingine. Nyota hafifu haina joto jingi, kwa hiyo sayari yenye nafasi ya kuwa na maji yasiyoganda wala kuchemka hukaa karibu nayo na kuizunguka kwa siku au majuma machache. Gliese 12 b, iliyotangazwa mwaka 2024, inakaribiana na Zuhura kwa ukubwa na huzunguka kila siku 12.8. Mtu anayesubiri mpito wa Dunia nyingine mbele ya jua jingine ana nafasi moja kwa mwaka. Huyu wa vibete vyekundu anazo 28.

Pamoja na hayo, sayari nyingi hazitapita kamwe machoni petu, kwa sababu mzingo wake lazima ulale sawasawa na mstari wetu wa kuangalia. Kwa mtazamaji aliye mbali, nafasi ya kuiona Dunia ikipita mbele ya jua ni 1 katika 215. Sayari iliyobanana na nyota yake inaweza kuwa na nafasi ya asilimia 5 au hata 10. Proxima, nyota iliyo karibu nasi kuliko zote baada ya jua, ina sayari iliyotangazwa mwaka 2016, na waliotafuta mpito wake wametoka mikono mitupu. Ndiyo maana TESS, chombo cha angani cha NASA (shirika la anga la Marekani) kinachosaka mipito, kilichorushwa Aprili 2018, hakichagui nyota moja. Kamera zake 4, zenye lenzi za sentimita 10.5, hutazama kipande kikubwa cha mbingu kwa siku kama 27, kisha huhamia kingine.

Mpito pia hauelezi uzito. Kinachojulikana ni kipenyo, nacho ni sahihi kadiri kipenyo cha nyota kilivyo sahihi. Uzito hupatikana kwa kupima jinsi sayari inavyoiyumbisha nyota. Dunia hulivuta jua kwa sentimita 9 tu kwa sekunde, mwendo ambao ni kazi ngumu mno kuupima. Hapa tena nyota ndogo husaidia, kwa kuwa nyota nyepesi huyumba zaidi. Ukishapata uzito na kipenyo ndipo unajua kama ni mwamba au ni mpira wa gesi.

Je, kazi hii inafanyika Malindi au Lamu? Kupima mpito unaojulikana, ndiyo, na kuna sababu ya kuupenda mkao wetu. Malindi iko digrii 3 na kitu kusini mwa ikweta, Lamu digrii 2, kwa hiyo takriban mbingu zote za kaskazini na kusini hupita juu yetu. (Ukaribu huo na ikweta ndio pia uliofanya Uhuru, setilaiti ya kwanza ya kuchunguza nyota kwa miali ya eksirei, irushwe kutoka Ngomeni tarehe 12 Desemba 1970.) Nyota nzuri ya kuanzia ni GJ 436 katika kundi la Asadi. Sayari yake ina uzito wa kama Dunia 22, huzunguka kila siku 2.64, hukata asilimia 0.7, na mpito hudumu kama saa moja. Februari na Machi, kaskazi ingali inavuma na masika hayajafunga mbingu, nyota hii hupanda hadi digrii 60 na hukaa juu ya digrii 30 kwa muda wa saa 7 hivi. Mwezi Juni GJ 1214 hupita karibu na utosi, lakini ni hafifu zaidi na kusi ina mawingu yake.

Darubini ya sentimita 20 inatosha kwa GJ 436, pamoja na kamera ya rangi moja na filta nyekundu. Taabu ya kwanza ni kitako kinachoizungusha darubini kufuata nyota. Mhimili wake lazima uelekee ncha ya mbingu, yaani nukta ambayo nyota zote huonekana kuizunguka, na ambayo kwetu iko digrii 3 tu juu ya upeo wa kusini, nyuma ya minazi na ukungu wa bahari. Nyota ya Kaskazini nayo iko chini ya upeo, haionekani. Vitako vingi vya madukani havishuki hadi digrii 3. Kikikwama kwenye digrii 15, fupisha mguu wa kusini mpaka kitako kizima kiiname digrii 12 zilizobaki, na mfuko wa mchanga uning'inie katikati kisipinduke. Angalia pia kila upande kama uzito wa kusawazisha haugongi miguu, kwa sababu mhimili ukilala hivi uzito huo huzunguka chini sana. Nguzo fupi ya zege ni bora kuliko yote hayo. Kuelekeza mhimili, tazama nyota moja juu na nyingine mashariki, ona zinavyohama kwenye picha, urekebishe kidogo kidogo.

Anza kupiga picha saa nzima kabla ya mpito na usimame saa nzima baada yake. Bila mwanga wa kabla na wa baada, huna cha kulinganisha. Sekunde 60 kwa picha ni kipimo kizuri: kwa darubini hii, hapa usawa wa bahari, kumetameta kwa nyota pekee huleta kosa la kama asilimia 0.1 katika kila picha, na ukifupisha muda kosa hukua. Usiifanye picha ya nyota iwe kali. Iache ipanuke kama kisahani cha pikseli 10 hadi 20, ili kosa la pikseli moja lisitawale na kamera isijae. Kwenye kamera inayohesabu hadi 65,535, kilele kisipite 40,000.

Piga pia picha za anga tupu wakati wa magharibi ili kufuta vivuli vya vumbi. Huku kwetu jua huzama wima na giza huingia upesi, kwa hiyo una dakika chache tu. Ukichelewa, tumia kitambaa cheupe na taa laini. Kamera isiguswe wala kuzungushwa baada ya hapo, la sivyo nyota itasogea juu ya kivuli cha vumbi nawe utadhani umeona sayari.

Kosa linalowapotosha wengi zaidi ni la rangi. GJ 436 ni nyekundu, na nyota za jirani unazolinganisha nazo kwa kawaida ni za buluu zaidi. Nyota zinaposhuka, hewa hula mwanga wa buluu upesi kuliko mwekundu, na mstari wako wa vipimo huinama bila sayari kuhusika. Chagua nyota tatu au zaidi zinazokaribiana nayo kwa mwangaza na rangi. Pwani kuna pia mvuke wa maji, ambao hufyonza mwanga wa wekundu wa mbali. Kwa hiyo filta inayoruhusu wekundu wa mbali sana, ambayo jangwani huwa na manufaa, hapa huleta mawimbi ya uongo kadiri unyevu unavyobadilika. Lenzi ivishwe kipasha joto, kwa sababu umande ukiishika mwanga wa nyota zote utashuka pamoja. Betri ya volti 12 iwe tayari stima ikikatika.

Saa ya kompyuta ilinganishwe kwa intaneti kabla ya kuanza, na nyakati ziandikwe kwa saa za kimataifa, ambazo ziko nyuma ya zetu kwa 3. Kisha rekebisha kwa nafasi ya Dunia kulizunguka jua, kwani mwanga wa mpito huweza kuwahi au kuchelewa kwa zaidi ya dakika 8 kutegemea mwezi wa mwaka. Hili si jambo dogo: muda wa mzunguko wa GJ 436 b ukikosewa kwa sekunde 1, baada ya mwaka mpito utakuwa umeteleza kwa zaidi ya dakika 2, na darubini kubwa iliyopangiwa saa yake itaukosa mwanzo.

Vipimo kama hivi vina pa kupelekwa. Mpango wa Exoplanet Watch wa NASA huvipokea kutoka kwa yeyote. Kazi yenye uhitaji zaidi ni kuwakagua majirani wa nyota zilizoshukiwa na TESS, kwa sababu pikseli moja ya chombo hicho hufunika eneo la sekunde 21 za tao (sekunde ya tao ni sehemu 1 katika 3,600 ya digrii) na huchanganya nyota kadhaa. Mara nyingi anayefifia ni jirani, nyota mbili zinazozibana zenyewe kwa zenyewe. Darubini ya sentimita 20 inaweza kuwatenganisha majirani wengi wa aina hiyo kwa usiku mmoja, na jibu la "siyo sayari" huokoa saa nyingi za darubini ambazo watafiti huzipigania kwa maombi mwaka mzima.