Moyo Unaenda Mbio na Dagaa Hawajakauka: Maswali na Majibu kuhusu Utulivu

Haya ni maswali ambayo watu wa Kirumba, Igogo na Buzuruga, hapa Mwanza, huuliza sana wakati wanasubiri kupimwa presha. Nayajibu hapa kama ninavyoyajibu pale benchi.

Nauza dagaa soko la Mwaloni. Naamka saa tisa usiku, na jioni nikikaa tu moyo unaenda mbio kama nakimbizwa. Naumwa?

Pima kwanza, mama. Upungufu wa damu au tezi ya thairoidi iliyozidisha kazi huleta hali hiyohiyo, na hapo kubahatisha hakufai. Vipimo vikitoka salama, basi tunazungumzia msongo. Ubongo ukihisi hatari huagiza homoni za adrenalini na kotisoli zimwagwe kwenye damu: moyo unadunda, misuli inakaza, tumbo linapunguza kazi ya kusaga chakula. Mtumbwi ukipigwa na wimbi katikati ya ziwa, hayo ndiyo yatakayokuokoa. Shida ni kwamba mwili hautofautishi wimbi na meseji ya marejesho ya mkopo wa kausha damu. Wimbi litapita. Meseji itarudi Ijumaa.

Sasa nifanye nini hapohapo, bila kufunga meza?

Toa pumzi. Watu wakiambiwa "pumua" huvuta hewa mpaka mabega yanagusa masikio, halafu wanalalamika kizunguzungu. Wewe weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, uyasikie mapigo. Vuta hewa polepole kwa pua ukihesabu hadi 4, kisha iachie ukihesabu hadi 6, kama mtu anayepoza uji na hataki umwagike. Ukitulia, unaweza kuyasikia mapigo yakipungua kasi hewa inapotoka. Kuna neva inaitwa vagasi, inashuka kutoka kwenye ubongo hadi kifuani na tumboni. Hiyo ndiyo breki ya moyo, na hukamata zaidi wakati wa kutoa pumzi.

Dakika 5 zinatosha. Usiitafutie muda wake, hutaupata. Ifunge kwenye kazi unayoifanya kila siku hata iweje. Kila ukigeuza dagaa kwenye chanja, pumzi tano ndefu. Daladala ikisimama kwenye foleni, tano nyingine, na konda hatajua unafanya nini.

Mimi ni mvuvi wa dagaa. Usiku niko ziwani, mchana usingizi haukamiliki, na nyumbani nagombana na kila mtu.

Kaka, hapo ugomvi ni usingizi unaokudai. Mtu mzima anahitaji angalau saa 7, na wewe unazitafuta chini ya bati la moto, watoto wanacheza dirishani. Anza na mwanga. Jua la asubuhi linauambia ubongo kumekucha, kwa hiyo ukitoka mwaloni vaa kofia, ishushe usoni, nenda moja kwa moja nyumbani. Pazia zito, hata kitenge kilichokunjwa mara mbili, halafu familia ijue saa zako ni zipi.

Kingine ni vile vinywaji vya kuongeza nguvu mnavyokunywa kukiwa karibu kupambazuka. Kafeini huchukua takriban saa 5 kupungua nusu tu mwilini, kwa hiyo chupa ya saa kumi na moja alfajiri bado iko kazini saa nne asubuhi. Kunywa mapema, mkiwasha taa. Na siku za mbalamwezi, ambazo dagaa hawavutwi na taa na mitumbwi inapumzika, lala. Najua wengi siku hizo huishia kilabuni. Pombe inaleta usingizi haraka, kisha inaukatakata usiku kucha.

Kukaa ziwani kunanituliza. Kuna ubaya?

Hakuna. Panda jiwe lako, tazama maji, simu iache mfukoni. Ila miguu usiitumbukize. Pwani yetu ina kichocho: vimelea hutoka kwenye konokono wa majini na kupenya ngozi ndani ya dakika chache, huku wewe unafurahia ubaridi.

Mazoezi nayo? Sina hela ya jimu.

Anayeishi mlimani Mabatini jimu anayo, tena yenye ngazi za mawe. Kinachotakiwa ni dakika 150 kwa wiki za mwendo wa kukufanya uheme kidogo.

Jirani anasema nimetupiwa kitu.

Sitagombana na jirani yako. Ila zahanati nenda, tena usisubiri, kama kwa wiki mbili mfululizo huna raha na chochote, hulali au huli. Maumivu ya kifua yanayosambaa hadi mkononi au kwenye taya ni ya kwenda hospitali dakika hiyohiyo. Na ukianza kuwaza kujidhuru, usibaki peke yako: mwambie mtu unayemwamini akusindikize leo. Huduma ya afya ya akili ipo, na hospitali ya Bugando ina idara yake. Kituo kilicho karibu nawe kinaweza kukuandikia rufaa.

Ukienda, beba daftari. Andika moyo ulienda mbio siku gani, saa ngapi, na ulikuwa umekunywa nini kabla. Daktari mwenye foleni ya watu arobaini atalisoma hilo daftari kwa furaha kuliko kusikia "huwa inakuja tu".