Dimetrodoni hakuwa dinosaria

Yule mnyama mwenye tanga mgongoni, anayeuzwa pamoja na sanamu za plastiki za dinosaria, si dinosaria. Dimetrodoni aliishi miaka milioni 295 hadi 272 hivi iliyopita, muda mrefu kabla ya dinosaria wa kwanza, na kiukoo yuko karibu zaidi na sisi mamalia. Nyuma ya jicho, fuvu lake lina tundu moja kila upande; dinosaria walikuwa na mawili.

Meno yake ndiyo yanayonivutia zaidi. Hayakulingana: ya mbele ya kukamatia, machonge marefu, kisha mafupi. Spishi za mwanzo zilikuwa na meno yenye kingo nyororo. Za baadaye, kama Dimetrodon grandis wa Texas, zikapata vijino kama vya msumeno, vya kukatia nyama ya mawindo makubwa.