Mtazamo wa kisosholojia na sera ya jamii: vinahusianaje?

Sera ya jamii ni uamuzi wa serikali kuhusu maisha ya watu: elimu, afya, makazi, matunzo ya wazee, misaada kwa wasiojiweza. Mtazamo wa kisosholojia ni namna ya kueleza jamii inavyoendeshwa na nani ananufaika nayo. Viwili hivi hukutana kwenye swali moja: kwa nini watu hawa ni maskini? Jibu litakalokubaliwa ndilo litakaloelekeza fedha.

Tazama Tanzania. Azimio la Arusha la 1967, tamko la siasa ya Ujamaa, lilieleza umaskini kwa unyonyaji: wachache wanamiliki njia kuu za uchumi, wengi wanatoa jasho. Huo ni mtazamo wa mgongano, unaoiona jamii kama makundi yanayovutana, wenye mizizi kwa mwanafalsafa Karl Marx. Ndiyo maana hatua iliyofuata ilikuwa kutaifisha mabenki na viwanda, si kugawa fedha kaya kwa kaya.

Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini wa TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii wa Tanzania), ulioanza 2012, unaanzia kwingine. Walengwa hutambuliwa kwa kushirikisha mkutano wa kijiji, na sehemu ya ruzuku ina masharti: mtoto mdogo apelekwe kliniki, wa shule ahudhurie angalau asilimia 80 ya siku za masomo. Hapa familia, shule na zahanati ni viungo vinavyotegemeana, na umaskini hurithiwa kiungo kimoja kinapolegea. Hayo yako karibu na mtazamo wa uamilifu, unaouliza kila kiungo kina kazi gani katika kuiweka jamii pamoja.

Fedha hizo mara nyingi hupokelewa na mama. Nyuma yake kuna hoja ya wanazuoni wa ufeministi, wanaochunguza usawa kati ya wanawake na wanaume, kwamba mapato ya kaya hayagawanywi sawa ndani ya kaya. Lakini wanazuoni haohao wanauliza jambo ambalo kwangu ni zito zaidi: nani anabeba kazi ya kutimiza masharti? Ni mama yuleyule. Anaacha palizi, anambeba mtoto hadi kliniki, anakaa foleni, na asipofika ruzuku inaweza kupunguzwa. Kazi hiyo hailipwi, na kwenye hesabu za mpango ni vigumu kuiona.

Serikali haitungi sera kwa nadharia peke yake. Bajeti, wafadhili na uchaguzi vina nguvu kubwa. Nadharia hupenya zaidi kupitia maswali ya dodoso linalotumika kupima nani ni maskini. Dodoso likiuliza paa la nyumba na milo ya siku, lisiulize ardhi ya kijiji iko mikononi mwa nani, sera itakayotokana nalo itashughulika na kaya, na suala la ardhi halitafika mezani.